Apdeti za Mama

Njiro, Arusha
7 Januari 2024

Baba Mdogo Lesian,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya kwako, kwa mama mdogo Rachel na kwa wote hapo nyumbani Olmotonyi. Sisi huku hatujambo. Mkweo Aristides yuko Dodoma kikazi, atarudi mwisho wa mwezi. Mtoto mkubwa anaanza kidato cha kwanza kesho, na ameshakuwa mtu wa makuu, anataka chumba chake na ufunguo wake.

Naandika barua kwa sababu ndugu yangu Lengai ametuambia kwenye grupu la familia kwamba masikio yako yamezidi kupungua nguvu, na kwamba ukipigiwa simu unasema "haloo" mara saba kisha unakata. Nilicheka kidogo, unisamehe. Godbless wa maziwa bado anateremka kwetu kila asubuhi, nimemwomba awe tarishi wetu. Amenijibu kwamba mtu wa miaka hamsini hapotezi bahasha, labda apoteze pikipiki.

Baba mdogo, naomba apdeti za mama. Lengai yuko Mwanza, na kila Jumapili anatuandikia kwenye grupu "apdeti: mama anaendelea vizuri." Ni maneno yaleyale tangu Septemba. Wewe ndiye unayeishi naye, wewe uniambie.

Nimempa Godbless blanketi zito la mama, maana asubuhi za huko juu nazijua.

Mwanao,
Namnyaki


Olmotonyi
21 Januari 2024

Namnyaki,

Marahaba. Barua yako tumeipokea, na mwaka mpya tumeuona kwa neema ya Mungu. Maharage ya vuli tumevuna, si mengi. Rachel anasumbuliwa na goti lakini hakosi kwaya. Mimi ni mzima isipokuwa hayo masikio. Nimenunua ubao mdogo, ule wa watoto wa chekechea, na kila anayetaka kusema nami anaandika kwa chaki. Nimegundua kwamba watu wakilazimika kuandika, wanasema machache na yenye maana.

Sasa, ombi lako. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na sita katika shule tatu, na sijawahi kumjibu mwanafunzi swali lenye neno nisilolijua. Hilo "apdeti" nimelikuta mara nyingi. Rachel anasema hata kanisani siku hizi mzee wa usharika anasimama kutoa apdeti ya ujenzi. Nilipomwuliza Rachel maana yake aliandika ubaoni: "habari." Kama ni habari, kwa nini mlikwenda kuazima kwa watu wakati mnayo nyumbani?

Nieleze maana yake na linavyotumika, kisha tunga sentensi tatu. Ukifanya hivyo nitakujibu ulichouliza.

Blanketi limefika. Godbless alimkabidhi mama yako mkononi, nami nilikuwa nimesimama hapo.

Lesian


Njiro
4 Februari 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo. Pole kwa goti la mama mdogo, nimemfungia dawa ya kuchua. Aristides amerudi. Mtoto ameshapewa adhabu ya kwanza shuleni, ya kuchelewa, na anaona ameonewa kuliko watu wote wa Tanzania.

Nimecheka nilipoona umenipa kazi ya nyumbani nikiwa na miaka arobaini na miwili. Haya, nimeifanya.

Apdeti ni neno la Kiingereza, na maana yake, kwa ninavyolijua, ni kukisogeza kitu kilichoachwa nyuma hadi kifike tarehe ya leo. Ofisini kwetu kila Jumatatu tunakaa mezani na kila mtu anatoa apdeti ya kazi yake. Asiyekuwa na lolote anasema "sina apdeti," maana yake hakuna kilichobadilika, na mara nyingi maana yake ni kwamba hakufanya kazi. Simu nayo inaomba apdeti, tena wakati una haraka. Ukiikubalia inajizima, ikiwaka ni simu ileile lakini vitu vimehama mahali pake, unatafuta ulichokuwa unakijua. Na kwenye misiba watu wanaandikiana "tutaendelea kupeana apdeti," yaani saa ya ibada na mahali pa kuzika.

Umeuliza kwa nini tusiseme habari. Nimelifikiria hilo nikiwa kwenye foleni ya benki. Naona habari unaweza kumpa yeyote, hata mpita njia. Apdeti unampa mtu ambaye alikuwa anafuatilia tangu mwanzo.

Sentensi zangu: Mkurugenzi ameomba apdeti ya mradi wa visima. Simu yangu imekataa apdeti kwa sababu imejaa. Sijapata apdeti za mama.

Nimempa Godbless chupa ya chai na pakiti mbili za pampasi za watu wazima. Kama hazihitajiki, basi nisamehe na uzirudishe.

Mwanao,
Namnyaki


Olmotonyi
3 Machi 2024

Namnyaki,

Marahaba. Barua yako ilifika siku ileile uliyoituma. Kuchelewa huku ni kwangu, usimlaumu Godbless. Dawa ya goti imefanya kazi, sasa Rachel anapanda ngazi za kanisa bila kunishika, na amelisema jambo hilo kwa majirani wote. Tumelima, tunasubiri mvua.

Nimesahihisha. Sentensi ya kwanza ni sawa. Ya pili ni sawa, na maelezo yako ya simu yamenigusa kuliko ulivyokusudia. Ya tatu ina kosa, na kosa si la sarufi. Umeandika wewe mwenyewe kwamba apdeti anapewa mtu aliyekuwa anafuatilia, na kwamba ni kukisogeza kitu kutoka pale kilipoachwa. Basi mwalimu anauliza: wewe uliacha wapi? Siwezi kuanza kusogeza kama sijui pa kuanzia.

Mara ya mwisho ulimwona mama yako lini, na ulimwona akiwa katika hali gani? Andika hapo. Mimi nitaendelea kutoka hapo.

Kutoka Njiro mpaka hapa ni safari ya saa moja. Lengai alitoka Mwanza akaja kumwona mwezi wa kumi na mbili.

Pampasi zinahitajika.

Lesian


Njiro
30 Machi 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo, na heri ya Pasaka kwenu. Sisi tumejaliwa kuifikia. Mvua imeanza kwa fujo, barabara ya kwetu imekuwa mto, na Aristides ameacha gari Lemara kwa rafiki yake siku mbili. Barua yako niliiweka kwenye droo ya ofisini, ndiyo maana nimechelewa. Sina sababu nyingine.

Mara ya mwisho ilikuwa Jumatano, tarehe 17 Agosti 2022, siku uliyokuja kumchukua. Mama alikuwa amekaa nasi miezi mitano. Alivaa gauni la bluu na sweta yangu ya kijivu, na shingoni ule mkufu wa shanga nyeupe na bluu ambao siku zote alisema atanipa mimi, siyo mke wa Lengai. Alikuwa amepungua kidogo. Alisahau mambo ya jana lakini ya zamani aliyasema vizuri. Alikuwa anapenda kutoka nje ya geti, akisema anarudi nyumbani, na mara mbili alikutwa barabara kuu. Jina langu alilijua. Alipopanda gari alinitazama dirishani akasema, "Namnyaki, mbona huingii?"

Hapo ndipo nilipoacha. Endelea.

Nimetuma sweta nyingine, maana ile najua imechakaa.

Mwanao,
Namnyaki


Olmotonyi
21 Aprili 2024

Namnyaki,

Marahaba. Tumesali Pasaka vizuri. Mahindi yameota. Ng'ombe mmoja amezaa dume, kwa hiyo hakuna aliyepongezwa.

Umeeleza vizuri, lakini siku hiyo ya Jumatano umeruka kitu katikati. Umekiruka wewe, nami nitakiruka. Nakupa apdeti uliyoomba, na nitaitoa wazi, kwa sababu nimechoka kuizunguka.

Mama yako anakula. Analala. Ukimwamkia kwa Kimaasai, "Takwenya," anaitika "Iko" bila kukosea, na mgeni anaweza kukaa naye robo saa akadhani ni mzima kabisa. Lakini majina yamemtoka. Lengai alipokuja, mama yako alimwuliza ni wa boma gani, na Lengai akatoka nje akasimama na ng'ombe muda mrefu. Lile "anaendelea vizuri" lake msilitafutie maana nyingine. Kaka yangu, baba yenu, ameshamsahau. Jina lako nimemtajia mwenyewe, mara nyingi. Anasema ni jina zuri.

Mimi ananijua, na nitakuambia kwa nini, ingawa mila hii unaijua. Mwalimu hawezi kuacha kufundisha. Bibi harusi wetu akifika langoni kwa mume husimama. Haingii mpaka watu wa boma wamwahidi wanyama. Anayempa ng'ombe, tangu siku hiyo wao wawili wanaitana Pakiteng'. Anayempa kondoo, wanaitana Paker. Majina waliyopewa na wazazi yanaachwa. Mwaka 1974 mama yako aliposimama langoni kwetu wakubwa walikuwa wameshaahidi, na yeye bado amesimama. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na kondoo jike mmoja. Nikasema namtoa. Watu walicheka, lakini yeye akaingia. Basi miaka hamsini sasa mimi ni Paker kwake na yeye ni Paker kwangu. Hilo ndilo jina pekee lililobaki kichwani mwake. Silisikii tena, lakini nalisoma mdomoni mwake.

Kuna jambo la pili. Blanketi, chupa ya chai, sweta, vyote Godbless amemkabidhi kwa mkono wake. Mama yako anamwita "mwanangu." Nilimweleza kwamba vinatoka kwako, na Rachel akamweleza. Aliuliza, kama ni vya huyo mwingine, kwa nini anavileta huyu?

Lesian


Njiro
5 Mei 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nyumbani wote ni wazima, na leo sina habari nyingine.

Kile nilichoruka ni mlango. Wewe ulikuwepo, unajua, lakini hujawahi kunisikia nikisema. Siku ile nilikuwa na kikao na wageni wa mradi. Binti wa kazi alikuwa ameondoka Jumatatu, akisema hakuja mjini kulinda mtu mzima. Aristides alikuwa safarini. Nilimwekea mama chai, mkate na redio, nikamfungia chumbani kwa ufunguo, nikaenda kazini. Nilijiambia nitarudi saa sita. Nilirudi saa kumi. Nikakukuta umekaa sakafuni kwenye korido, umeegemea mlango, unaongea naye kwa Kimaasai kupitia tundu la kitasa. Mtoto alikuwa amekufungulia geti alipotoka shule, lakini ufunguo wa chumba nilikuwa nao mimi, kwenye mkoba.

Ulikuwa umekaa hapo saa tatu. Ulinyoosha mkono nikakupa ufunguo. Ukamtoa, ukamnawisha uso, ukaita gari. Mpaka unaondoka hukusema neno, na tangu siku ile hujaniita "mwanangu," hata kwenye barua hizi.

Ungenitukana ningekuja, baba mdogo. Ningekuja wiki ileile nikaomba msamaha. Ulinyamaza, nami nikaogopa, na kila mwezi uliopita ukafanya mwezi uliofuata uwe mgumu zaidi. Naona aibu. Nilikuwa naona aibu nikiandika "apdeti," kwa sababu ni neno jepesi, mtu analitumia bila kulazimika kuuliza kama mama yake bado anamjua.

Namnyaki


Olmotonyi
2 Juni 2024

Mwanangu Namnyaki,

Marahaba. Barua yako nimekaa nayo wiki nne. Rachel aliniandikia ubaoni "MJIBU" kwa herufi kubwa, na hakulifuta.

Na mimi nina nilichoruka. Katikati ya mwezi wa nne, mvua ikinyesha, mama yako alitoka. Tulimtafuta tangu saa nne asubuhi. Wanafunzi wa chuo cha misitu walimkuta saa tisa, ndani kabisa ya miti, amekaa kwenye kisiki, amelowa, amepoteza kiatu kimoja. Tangu siku hiyo nafunga geti kwa waya. Nilikuandikia barua nzima ya tarehe 21 bila kulitaja hilo.

Wiki iliyofuata Rachel alikuwa kliniki ya goti, na mimi nilikuwa na ng'ombe mgonjwa anayetaka sindano. Nilimfungia mama yako ndani kwa komeo. Nilipokuwa nyuma ya nyumba nikakumbuka nikarudi. Masikio yangu yamenistiri, sikusikia chochote. Lakini niliweka kiganja kwenye mlango, nao ulikuwa unatikisika. Alikuwa anaupiga kwa mikono yote miwili. Nikaenda kwanza kumshika ng'ombe, kwa kuwa daktari alikuwa anasubiri, kisha nikarudi nikafungua. Pengine ni dakika ishirini. Kwako zilikuwa saa nyingi, kwangu dakika, lakini mlango ni mlango.

Nilikukasirikia miaka miwili kwa jambo nisilolijua. Nisamehe.

Sasa sikiliza. Usimpe Godbless kitu kingine. Njoo wewe, na uje na mnyama, umkabidhi mkononi. Asiwe kondoo, huyo ni wangu. Lete ng'ombe. Najua mtoto hampi mama yake mnyama ili waitane hivyo. Hayo ni mambo ya wakwe na wageni. Nilimwuliza mzee Yiamat, rika langu, kama mila inakataza. Aliandika ubaoni kwa taabu, maana aliacha shule darasa la tatu: "haikukataza kwa sababu haikuwaza."

Lakini fikiri kwanza. Kama atalishika jina hilo, atakuita hilo mpaka mwisho. Jina la mwana hutalipata tena kutoka kwake. Sikufichi.

Baba yako mdogo,
Lesian


Njiro
16 Juni 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo. Tumefurahi kusikia kwa Godbless kwamba yule ng'ombe amepona. Baridi imeingia hata huku kwetu.

Asante kwa barua yako. Nimeisoma mara nyingi, na hakuna cha kukusamehe. Lakini hilo la ng'ombe siliwezi. Nilitoka tumboni mwake. Sikusimama langoni kwake kama mkwe, na sitaki kwenda kujitambulisha kwa kamba na mnyama kama mtu aliyekuja kuchumbia. Kama amenisahau, basi anisahau nikiwa mwanawe.

Usiniandikie kuhusu jambo hili kwa sasa.

Mwanao,
Namnyaki


Njiro
6 Agosti 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo. Tulifika salama Jumamosi ile, isipokuwa dereva wa lori la Kanta alinilalamikia njia nzima kuhusu kinyesi. Mtoto anakusalimu, anasema ubao wako ni bora kuliko simu ya baba yake.

Uliniomba niandike yaliyosemwa, kwa sababu uliona lakini hukusikia, na mama mdogo alikuwa jikoni. Naandika. Lakini kwanza nikuambie kwa nini nilikuja, baada ya kukuandikia kwamba siwezi.

Tarehe 22 Julai Godbless alileta maziwa akaendelea kusimama mlangoni. Akatoa kwenye koti kitu kilichofungwa kwenye karatasi ya gazeti. Ulikuwa mkufu wa mama, shanga nyeupe na bluu. Akasema, "Dada, mama yako amenivisha jana. Anasema mimi ndiye mwanawe, niupeleke kwa binti yangu. Nimeshindwa kuukataa mbele yake, lakini huu si wangu." Aliona haya kuliko mimi. Nilitaka kuupokea, mkono ulikuwa umeshatoka. Kisha nikaona kwamba mama hakukosea. Alimpa mtu anayefika. Nikamwambia Godbless auvae binti yake, alipewa kwa haki. Nililia alipoondoka, nikachelewa kazini, na kwenye kikao nilisema sina apdeti.

Alhamisi nilikwenda mnadani, ingawa sijui ng'ombe. Ndiyo maana nilikuletea yule mtamba wa kisasa mwenye kibandiko cha njano sikioni, na wewe ukamzunguka mara mbili ukicheka bila sauti.

Mama alikuwa langoni, ameshika ule waya wa geti kwa vidole, kama ulivyoniambia baadaye kwamba hufanya kila siku. Nilimwamkia "Takwenya," akaitika "Iko." Alinitazama vizuri, bila hofu, kama anavyotazamwa mgeni mwenye adabu. Nikangoja labda jina litakuja. Halikuja. Akamtazama ng'ombe, akasema, "Huyu amevaa hereni." Nikasema ndiyo. Akauliza, "Ni wa nani?"

Hapo ndipo uliponiona nimenyamaza, na ukadhani nimesahau Kimaasai. Sikusahau. Nilikuwa najua nikijibu hakuna kurudi.

Nikasema, "Ni wako. Nimekuletea mimi."

Akauliza, "Kwa mkono wako?" Nikamwekea kamba mkononi. Aliipima kamba, akampapasa yule ng'ombe shingoni, kisha akanitemea baraka kiganjani, mate kidogo, akasema, "Pakiteng'." Nami nikaitika, "Pakiteng'." Sauti yangu haikuwa nzuri, lakini niliitika.

Mengine uliyaona kwa macho. Wewe ulikuwa umefungua geti, liko wazi kabisa, na yeye hakutoka. Aligeuka akaingia ndani na ng'ombe wake, akaniambia nifuate, nisisimame langoni kama bibi harusi.

Nimekaa na hilo siku tatu sasa. Inauma, sitasema haiumi. Lakini nililala.

Mwanao,
Namnyaki


Olmotonyi
18 Agosti 2024

Mwanangu,

Marahaba. Sote ni wazima. Rachel amekula mahindi ya kuchoma mpaka goti limelalamika. Yiamat alikuja kumwona ng'ombe wako, akaandika ubaoni kwamba mnyama huyu atakuwa na maziwa mengi na akili kidogo. Nimemwambia ng'ombe hakununuliwa kwa ajili ya akili.

Uliyoandika nimeyasoma, nimeyahifadhi kwenye Biblia. Sitaongeza kitu.

Hii ndiyo apdeti, naanzia pale ulipoacha. Mama yako anaamka kabla yetu na kwenda zizini. Anamkatia ng'ombe wake majani mwenyewe, mengine si majani, ni maua ya Rachel. Jina lako bado hajalisema na sidhani atalisema. Alhamisi alianguka kidogo, hakuumia. Geti bado nalifunga kwa waya nikiwa mbali. Sitakudanganya kwamba tatizo limekwisha. Lakini asubuhi hashiki tena waya.

Jana alinishika mkono akasema kitu kirefu. Nilisoma "Paker" mdomoni, mengine yakanipita, nikamwita Rachel na chaki. Rachel aliandika: "Anauliza Pakiteng' atakuja lini."

Nimemjibu Jumamosi. Usinifanye mwongo.

Lesian